Mama Funguo Anakufa Leo Jioni

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliowekwa mbele ya duka la kinyozi, umetazama mlango wake. Mguu wa kulia ulilika zamani ukawekewa kipande cha tofali, kwa hiyo anayekaa upande huo lazima benchi limpigie kelele kwanza, kwiii, ndipo litulie. Mimi nakaa pembeni kwenye kigoda, jiko mbele yangu, birika juu ya jiko, vikombe ndani ya ndoo ya maji. Mlango wa kinyozi huwa wazi na tivii yake inaonekana yote, ndiyo maana kahawa yangu inatoka zaidi jioni, saa ya tamthilia. Wasikudanganye kwamba wanafuata tangawizi.

Wa kudumu ni watatu. Kuna Kinyozi mwenyewe, anayetoka nje kila akimaliza kichwa cha mtu. Kuna Breki, dereva wa malori aliyestaafu, tuliyempa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Na kuna Wakili, ambaye sheria hajaisoma hata ukurasa. Aliitwa mahakamani siku moja kutoa ushahidi wa mpaka wa kiwanja cha jirani, akaongea mpaka hakimu akaomba maji, na tangu siku hiyo anatembea na kalamu mfukoni. Mimi wananiita Wifi, wanaume wazima na ndevu zao, kwa kuwa ndivyo anavyoniita Mama Funguo.

Mama Funguo ni dada wa mume wangu, tumbo moja. Kwenye tamthilia alikuwa mama mkwe anayetembea na funguo za nyumba nzima kiunoni, za stoo ya mchele, za kabati la vikombe, mpaka ya chumba cha mwanawe. Jioni watu walikuwa wanamlaani wakiwa kwenye makochi yao, asubuhi wanamwomba wapige naye picha. Lakini kabla tivii haijamjua alikuwa mtu wa jukwaani, na jukwaa hajaliacha. Akitoka kurekodi alikuwa anakwenda mazoezini kwenye ukumbi ule wa zamani nyuma ya maduka ya vitambaa, ambako ukikosea mstari hakuna wa kukwambia turudie.

Wakati huo ilikuwa wiki kadhaa Mama Funguo yuko hospitali, huko kwenye tamthilia. Alianguka kwenye ngazi, hajafumbua macho, kichwa kimezungushiwa bandeji mpaka kwenye nyusi. Siku ninayokusimulia ilikuwa Ijumaa, na tangu asubuhi walikuwa wakitangaza kwamba leo ndiyo leo, ama anaamka ama anakwenda.

Niseme ukweli mapema, kwa sababu sipendi kumzungusha mtu. Chini ya ile bandeji hakukuwa na jeraha. Kulikuwa na kipara.

Kule jukwaani alipewa mchezo wa peke yake, mwanamke aliyetoka jela anayefika nyumbani kwake akakuta kitasa kimebadilishwa. Wakamletea kofia ya mpira ya kumfanya aonekane amenyolewa. Akaivaa, akajiangalia kwenye kioo, akasema inaonekana uongo mpaka kiti cha nyuma. Kesho yake akaja kwa Kinyozi, akakaa, akasema toa zote. Sasa mdhamini wa tamthilia ni kampuni ya mafuta ya nywele, na zile nywele ndefu za Mama Funguo ndizo tangazo lenyewe. Kipara kilipoingia studio, nusura watu wazimie. Haraka haraka wakamwangusha kwenye ngazi na kumfunga bandeji.

Kisha wakampa sharti. Aache ule mchezo, alale kitandani mpaka nywele zirudi, aamke, mambo yaendelee. Akikataa, anazikwa. Wakarekodi yote mawili kabisa. Kwenye moja kidole kinatikisika na macho yanafunguka, kwenye jingine daktari anavuta shuka juu ya uso. Jibu lilitakiwa Ijumaa hiyo mchana, na mimi sikuwa nimemwona tangu jana yake. Ushauri wangu nilishampa. Nilimwambia, Wifi, tivii ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, jukwaa linakulipa makofi na makofi hayapikwi. Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyebadilisha kitasa.

Pale kijiweni tulikuwa tunajua wawili tu, mimi na Kinyozi, na tulikuwa tumekula kiapo.

Breki alianza kabla hajakaa vizuri.

— Yule kitandani siye yeye.

— Ni nani? akauliza Wakili.

— Pacha wake. Huyu wetu anapita hapa kila asubuhi na kilemba chake, mzima wa afya, anasalimia. Mtu hawezi kuwa mahututi na wakati huohuo ananunua vitunguu.

— Wanarekodi kabla, Breki.

— Miaka yote niliyoendesha lori sijawahi kufika kabla sijaondoka.

Akanigeukia na kikombe chake.

— Wifi, mumeo ana dada wangapi?

— Mmoja.

— Huyo unayemjua wewe.

Wakili alitoa kalamu mfukoni, ishara kwamba anaingia kazini. Akasema habari ya pacha ni utoto, hapa kuna mkataba. Kwa maelezo yake, Mama Funguo ameuza sura. Amezeeka, anadai mshahara mkubwa, wao wametafuta mwanamke mwingine wa bei poa, wamemlaza pale na bandeji ili watazamaji wazoee umbo lake kwanza. Siku bandeji ikifunguliwa tutaona mtu mwingine kabisa, na daktari wa tamthilia atasema amefanyiwa upasuaji wa uso.

— Na sauti? Kinyozi akauliza kutoka mlangoni.

— Watasema koo nalo liliumia.

— Mimi nasema ni mwanasesere, akasema Breki. Jana nimemkodolea macho kipindi kizima. Hapumui.

— Wewe ulikuwa unasinzia, nikamwambia. Ulijimwagia kahawa kwenye suruali.

— Nilisinzia kwa sababu nilikuwa nasubiri apumue.

Hapo Wakili akaona anapitwa, akavuta benchi mbele, likalia. Akashusha sauti. Akasema tusiangalie bandeji, tuangalie funguo. Tangu alazwe, nani ameziona zile funguo? Hazipo kiunoni, hazipo mezani. Zile, kwa akili yake, ni funguo za kweli. Ni za nyumba ya mwenye kituo cha tivii, ambaye ni mume wa siri wa Mama Funguo, na ile tamthilia nzima ni kesi ya ndoa inayosikilizwa hadharani bila sisi kujua kwamba ndio mashahidi.

Breki alimtazama kwa wivu. Ilikuwa nzuri kuliko pacha.

— Ndiyo maana hawezi kuamka, Wakili akamalizia. Akiamka ataulizwa funguo.

Kinyozi alikuwa akifuta mashine yake kwa kitambaa, anaifuta na kuifuta, mashine ambayo ilishang'aa zamani. Wakamgeukia. Wakamwambia yeye kila siku anashika vichwa vya watu, haiwezekani asiwe na maoni kuhusu kichwa kimoja.

— Labda amechoka tu, akasema. Amelala.

Walimcheka mpaka wapita njia wakageuka. Breki akasema ndiyo hasara ya kazi ya kusimama, damu haipandi. Kinyozi akaniangalia, mimi nikaangalia birika.

Kisha nikamwona anakuja, akitokea upande wa barabara kuu. Kilemba chekundu, begi begani, mwendo ule wake wa mtu anayekwenda kudai chake. Nilijaribu kumsoma usoni tangu mbali nikashindwa, na hiyo ndiyo shida ya kuwa na wifi mwigizaji.

Hakukaa. Alisimama mbele ya jiko langu.

— Wifi, nipe kahawa. Ijaze, nina kazi.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama amewajibu. Akasema amewajibu. Nikamuuliza vipi. Aliweka kikombe juu ya benchi, akashika pindo la kilemba, akakifungua pale pale barabarani, mbele ya wanaume, mbele ya mwenye duka la mikate aliyekuwa ametoka kumwaga maji. Kichwa kikatoka cheupe jua likakipiga. Kilikuwa kizuri. Sikuwa nimekiona mchana, nilikuwa nimekiona ndani kwake tu, kwenye mwanga wa taa, nikiwa na shughuli ya kumlaumu.

Breki aliangalia kichwa, akaangalia tivii, akarudi kwenye kichwa.

— Nani amekunyoa? Wakili akauliza.

— Huyo hapo.

— Nilimuuliza mara mbili, Kinyozi akajitetea. Mara mbili, dada, si kweli?

— Kweli, na mara ya pili mashine ilikuwa imeshawashwa.

Akatusimulia kwa kifupi, akinywa. Bosi wa tamthilia alimkalisha ofisini, na mtu wa mafuta ya nywele yupo, amevaa suti. Wakamsomea mkataba, wakafika kwenye kile kipengele chao, kwamba nywele za mhusika ni mali ya kipindi. Wakamuuliza kama anakielewa. Akasema anakielewa sana, ndiyo maana amekuja nazo.

Unakumbuka nimesema Kinyozi alimnyoa? Sikusema alifanya nini na nywele. Hakuzifagia. Alizikusanya zote, akazifunga kwenye mfuko, akamwekea. Huo mfuko ndio wifi yangu alioutoa kwenye begi na kuumimina juu ya meza ya bosi, katikati ya vikombe vyao vya chai.

— Nikawaambia, hizi hapa. Haujapotea hata uzi mmoja. Mali yenu nimeirudisha. Kichwa ni changu.

— Wakasemaje? Breki akauliza.

— Yule wa mafuta alisogeza chai yake. Bosi akaniuliza kama najua maana ya ninachofanya. Nikamwambia avute shuka.

Hapo ndipo nilipojua. Wanamzika jioni hiyo. Nikamuuliza swali nililokuwa nalo wiki zote hizo, kodi je, na kodi hiyo haikuwa ya kwake peke yake, kwa kuwa mume wangu na mimi tunaishi vyumba vya nyuma vya nyumba ileile.

— Kodi nitaitafuta, Wifi. Niliwahi kuitafuta kabla yao, akasema akinishika bega. Sikiliza. Kwenye ile tamthilia sijapewa neno jipya tangu mwanao anaota meno. Nagongesha funguo, nasema nyumba hii ni yangu, wanakata. Kesho nagongesha tena. Kule ukumbini nina saa nzima ya kuongea na hakuna wa kunikata. Wakitaka kuniua waniue, lakini hawatanikuta kitandani nikiwasubiri.

Wakili alirudisha kalamu mfukoni.

— Kisheria, akasema, hapo hawana la kusema.

Ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

— Na mchezo ni lini? Breki akauliza.

— Leo. Saa ileile ya tamthilia.

— Sasa tutakuonaje ukifa?

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kilemba. Akamwambia, kaka, hilo ni lako na tivii yako. Akamaliza kahawa, akanirudishia kikombe, akaondoka hivyo hivyo kichwa wazi, kilemba mkononi, watu wakigeuka kila hatua na yeye akiwasalimia wote.

Ungedhani watu watatu waliosikia maneno yale wangesimama. Hawakusimama. Breki alisema viti vya ule ukumbi vinaumiza mgongo. Wakili akasema jukwaani huwezi kuona sura vizuri kama kwenye skrini. Kinyozi akasema Ijumaa ni siku ya vichwa, ingawa dukani hakukuwa na kichwa hata kimoja. Wote wanamjua Mama Funguo tangu awe Mama Funguo, na hakuna aliyewahi kuvuka mitaa miwili kwenda kumwona akifanya kazi bila skrini katikati. Nilipandwa na hasira ya kuwatukana. Ila usidhani mimi nilikuwa bora. Nilikuwa naongeza mkaa, kwa sababu siku ya kifo kahawa inauzika, na nilikuwa na kodi kichwani.

Kinyozi akageuza tivii vizuri. Breki na Wakili wakasogeza benchi karibu na mlango. Wakaanza upya, sasa kwa huzuni, na Breki tayari alikuwa na nadharia mpya, kwamba wakivuta shuka, siku ya mazishi jeneza litakuwa tupu.

Ndipo alipokuja yule dada. Hatukumjua. Suruali imejaa madoa ya rangi, nyundo kwenye mkanda, anahema kama mtu aliyezunguka sana.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akasema yeye ni fundi wa jukwaa kule ukumbini. Kuna duka la samani lililowaazima kiti cha mchezo, na mchana ule baada ya simu moja, hakusema ya nani na hatukuwa wajinga, duka lilikuja kuchukua kiti chake. Mchezo mzima yule mwanamke anakaa nje ya mlango wake. Bila pa kukaa hakuna mchezo. Alikuwa ameomba kila mahali, na kila mahali watu walikuwa wamekalia viti vyao mbele ya tivii.

— Naomba mniazime benchi.

Breki alilishika benchi kwa mikono yote miwili.

— Dada, siku nyingine tungekupa. Leo lina kazi, tuna msiba hapa. Mama Funguo anakufa sasa hivi.

Yule dada aliangalia tivii, ambako muziki wa kuanza ulikuwa unalia. Akatuangalia sisi, mmoja mmoja. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu asiyeelewa.

— Kwani anayekufa ni nani?

Breki akafungua mdomo. Akanyoosha kidole kwenye tivii, kidole kikafika nusu, kikageuka kuelekea barabara aliyoondokea wifi yangu, kikarudi, kikabaki hewani hakijui pa kwenda. Wakili akagusa mfuko wa kalamu asiitoe. Kinyozi akajiangalia mikono. Mimi niliyekula naye sahani moja, niliyejua kila kitu tangu siku ya kwanza, nikashika mpini wa birika. Aliyekuwa anakufa hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa anasubiri pa kukaa.

Wakili, ili tu afanye kitu, akaninyooshea kikombe.

— Wifi, niongezee.

Birika lilikuwa zito, ndiyo kwanza limejaa, kahawa ya jioni nzima. Nilisimama nalo nikalimwaga lote juu ya mkaa. Moshi ukapanda, Breki akakohoa, kahawa ikatiririka mpaka kwenye viatu vya Wakili.

— Kahawa imekwisha, nikasema. Simameni.

Walisimama. Sijui kama ni kwa ajili ya swali au kwa ajili ya moshi, na sikujali. Kinyozi alishika mbele, Breki nyuma, Wakili akabeba kipande cha tofali kwa heshima kama amekabidhiwa kielelezo cha mahakamani. Yule dada alitangulia akikimbia. Hakuna aliyekumbuka kuzima tivii. Mama Funguo alivutiwa shuka mbele ya kiti kitupu cha kinyozi, na mpaka leo hakuna kati yetu anayejua walitumia muziki gani.

Ukumbini viti vilikuwa vimejaa zaidi ya nilivyotegemea, sisi tukasimama nyuma, ukutani. Taa zikazimwa, ikabaki moja, na chini yake mlango uliofungwa na mbele ya mlango benchi letu. Akatoka na kifurushi cha nguo chini ya kwapa, kichwa wazi. Akajaribu kitasa. Akajaribu tena. Kisha akageuka, akatutazama wote bila kumwona hata mmoja, akakaa upande wa kulia.

Kwiii.

Watu wa mbele walidhani ni sehemu ya mchezo. Nilimsikia Kinyozi akivuta pumzi. Wifi yangu akasubiri benchi litulie, kama tunavyosubiri sisi sote, kisha akaanza kuongea, na Breki hakusema neno mpaka mwisho.